Wimbo Usioimbwa: Safari ya Gitaa la Mapajani Kasongo na Kabambare

Miongoni mwa sehemu za bara ambako Kiswahili kilifika kwa misafara ya karne ya 19 na kikabaki baada ya misafara yenyewe kukoma, Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zina nafasi ya pekee, kwa kuwa lugha hiyo haikubaki kule kama mali ya wafanyabiashara wageni bali iligeuka kuwa lugha ya soko, ya ibada na ya mapenzi, ikiishi bega kwa bega na Kikusu, Kisonge, Kizimba na Kibangubangu. Makala haya yanafuata, bila kushikilia kila kituo, safari ya mpigaji gitaa kutoka pwani ya Tanzania, anayetajwa humu kama msafiri, aliyekwenda katika miji hiyo kurekodi kwa ala tupu wimbo mmoja wa zamani wa Kiswahili. Swali lililojitokeza njiani lilikuwa hili: wimbo unaojulikana kwa maneno yake unapoondolewa maneno hayo, ni nani anayeyatunza?

Ala iliyotumika ni gitaa la mapajani, ambalo wengi hulijua kwa jina la gitaa la Hawaii. Tofauti na gitaa la kawaida, hili hulazwa juu ya mapaja ya mpigaji likiwa limetazama juu, nyuzi zake zimeinuliwa mbali na shingo ili zisiiguse, na mkono wa kushoto, badala ya kubana nyuzi kwa vidole, hutelezesha juu yake kipande kizito cha chuma kilicholainishwa, huku mkono wa kulia ukidonoa kwa kucha za bandia zilizovikwa kidole gumba na vidole viwili. Mistari iliyochorwa shingoni ni alama za kumwongoza mpigaji tu, kwa hiyo usahihi wa sauti hutegemea jicho na sikio, na kati ya nota moja na nyingine hakuna ngazi bali mteremko. Mbinu hiyo huhusishwa zaidi na Joseph Kekuku, kijana wa Hawaii wa mwishoni mwa karne ya 19. Ikasambaa Marekani hasa baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Rickenbacker ikaanza kuuza gitaa la aina hiyo lenye sumaku za kunasa mtetemo wa nyuzi, ambalo huhesabiwa kuwa miongoni mwa magitaa ya kwanza ya umeme kuingia sokoni.

Njia ya kutoka Kindu, makao makuu ya mkoa, kuelekea Kasongo ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 za udongo mwekundu, na anayeipita hujifunza mapema kwamba uchumi wa eneo hilo hubebwa na baiskeli. Vijana husukuma, wala hawapandi, baiskeli zilizofungwa madumu ya mawese, magunia ya mchele na vitambaa, wakiegemea fimbo iliyofungwa kwenye usukani, na wanapokutana na mgeni mlimani husalimiana naye kwa ukamilifu, wakiuliza habari za alikotoka, za nyumbani na za njia, kabla ya kuomba apishe. Mtu wa pwani, ambaye kwao salamu za mjini zimekatwa hadi kubaki neno moja, huona kwamba desturi aliyodhani ni ya babu zake ingali kazini huku bara, tena kwa watu wenye mzigo wa kilo nyingi mikononi.

Kasongo wenyewe ni mji wa miembe, kanisa kuu la Katoliki na misikiti. Historia yake haiwezi kutenganishwa na Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Unguja, aliyeufanya kuwa kitovu cha himaya yake tangu miaka ya 1870. Aprili 1893 uliangukia mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyoongozwa na Francis Dhanis. Mji wa zamani ulikuwa mahali paitwapo Tongoni, ambako watafiti wa akiolojia wakiongozwa na Noémie Arazi wamechunguza mabaki ya makazi ya Waswahili na kulinganisha yaliyomo ardhini na yaliyomo katika kumbukumbu za wenyeji. Kumbukumbu hizo si nyepesi, kwa sababu ukoo mmoja unaweza kuwa na babu aliyekamatwa na babu aliyekamata, na wazee hulieleza jambo hilo kwa sauti tulivu, bila kumlazimisha mgeni wa pwani aombe radhi wala kumruhusu asahau.

Urithi mwingine wa misafara uko sahanini. Mpunga uliletwa na waungwana, kama walivyoitwa wafuasi wa misafara waliofuata mila za pwani, nao ukastawi hata Maniema ikajulikana kwa mchele. Wali wa Kasongo huliwa na samaki wa Lualaba waliopikwa kwa mawese, pamoja na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Nazi haikufuatana na mpunga, na mafuta mekundu ya mchikichi yakashika nafasi yake. Mama mwenye mgahawa karibu na soko, aliposikia kwamba pwani wali hutiwa tui, aliuliza kwa mshangao kama watu wa huko hawana mafuta. Wimbo unaohama hupita njia ya wali huo: hufika bila kiungo chake cha kwanza, na wenyeji huutia walicho nacho.

Uchaguzi wa wimbo ulihitaji fikra. Wimbo wa Kiswahili uliorudiwa na wasanii wengi zaidi duniani huenda ni "Malaika," ambao Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao Miriam Makeba, Boney M na Angélique Kidjo wote waliuimba baadaye. Lakini katika eneo la Kabambare jina hilo hubebwa pia na kundi lenye silaha lililotikisa sehemu za Salamabila, na mgeni mwenye busara hatangulizi jina kama hilo katika kila nyumba anayokaribishwa. Msafiri alichagua "Kipenda Roho" wa Remmy Ongala, uliomo katika albamu ya "Songs for the Poor Man" iliyotolewa na Real World mwaka 1989. Sababu ilikuwa ya kihistoria: Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akapata umaarufu mkubwa akiwa na Super Matimila, na akafia katika jiji hilo Desemba 2010 akiwa mmoja wa sauti zilizopendwa mno nchini Tanzania. Watu wa pwani walipeleka Kiswahili Maniema kwa msafara wa bunduki na minyororo. Karne moja baadaye mtoto wa Maniema aliwarudishia lugha hiyo kwa gitaa, na jiji ambalo tayari lilikuwa na Msikiti wa Manyema katika Kariakoo likampokea kama wake. Kuupiga wimbo wake katika mkoa wa kuzaliwa kwake kulionekana kuwa heshima iliyochelewa.

Yeyote anayedhani kwamba gitaa la mapajani ni kitu kigeni kabisa katika Kongo hana budi kurudi kwenye santuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, alirekodi katika studio ya Opika mjini Léopoldville, leo Kinshasa, na mtindo wake ukampa jina la utani lililotokana na Hawaii. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico, mpigaji gitaa la solo aliyeshiriki kurekodi "Indépendance Cha Cha" mwaka 1960, alilitumia gitaa la Hawaii katika baadhi ya nyimbo za African Fiesta Sukisa. Mtaalamu wa muziki Gerhard Kubik amekwenda mbali zaidi, akihusisha mtindo wa kutelezesha kitu kigumu juu ya uzi katika muziki wa weusi wa Marekani na ala za uzi mmoja za Afrika ya Kati, ambazo mara nyingi ni za watoto: uzi huinuliwa kutoka ganda la kuti la mwale, mtoto mmoja huugonga na mwingine hutelezesha kisu au kikombe juu yake. Gitaa lilipofunguliwa kwenye ua wa nyumba ya wageni mjini Kasongo, watoto waliozunguka hawakushangazwa na ule mteremko wa sauti. Kilichowashangaza ni mtu mzima kukaa na gitaa kana kwamba anapembua mchele.

Kazi ya kurekodi ilifuata masharti ya mahali. Umeme hutoka kwenye paneli za sola na majenereta, na jenereta ya jirani hutia mngurumo katika sumaku za gitaa hata kama liko mbali, kwa hiyo saa zilizofaa zilikuwa zile ambazo majirani wamezima mashine na betri bado ina nguvu. Mvua ikipiga bati, kila kitu husimama. Unyevunyevu huzitia nyuzi kutu, na nyuzi zinapolegea hata kidogo, upangaji wake huharibika: gitaa hili hupangwa ili nyuzi zote zikipigwa wazi zitoe mwafaka mmoja, yaani sauti kadhaa zinazopatana, na uzi mmoja ukishuka, mwafaka wote huchafuka popote chuma kinapowekwa. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi, mpigaji mmoja na gitaa lake kavu walitosha, na kilichopigwa ndicho kilichobaki. Siku hizi kompyuta ndogo humruhusu mtu mmoja kuweka sauti juu ya sauti, na msafiri alianza na gitaa la ridhimu lililopigwa na kijana wa kwaya ya parokia, akaongeza besi, kisha akaliacha gitaa la mapajani liwe la mwisho, lishike nafasi ya mwimbaji.

Hapo ndipo ugumu wa kweli ulipoanza. Mwimbaji wa Kiswahili hubebwa na mkazo, ambao katika maneno mengi ya lugha hii huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na msikilizaji hutambua mipaka ya maneno kwa kuutegemea. Gitaa la mapajani linaweza kuuiga mkazo huo kwa namna tatu: kwa kuidonoa nota kwa nguvu zaidi, kwa kuirefusha, au kwa kuifikia kutoka chini kwa mteremko mfupi. Linaweza pia kuiga pumzi, kwa kuinua chuma na kuzima nyuzi kwa kiganja pale ambapo mwimbaji angevuta hewa. Mpigaji anayesahau mambo haya hutoa mahadhi sahihi yasiyosema kitu, kwa kuwa mteremko usiokatika hugeuza sentensi nzima kuwa kilio kimoja kirefu. Msafiri alilazimika kuimba kila mstari kimoyomoyo akiwa anapiga, na mahali aliposahau maneno, rekodi yenyewe ilimfichua: vidole viliendelea, lakini sentensi ilikuwa imekwisha.

Wasikilizaji wa Kasongo waligawanyika kwa umri na kwa safari walizowahi kufanya. Mzee mmoja fundi cherehani, aliyewahi kuishi Dar es Salaam katika ujana wake, aliutambua wimbo kabla ubeti wa kwanza haujaisha, akaanza kuufuata kwa midomo bila sauti, na kila gitaa lilipochelewa yeye alitangulia. Vijana hawakuujua. Kwao Remmy Ongala ni jina walilolisikia kwa wazazi, na muziki wa simu zao unatoka Kinshasa, Lagos na Dar es Salaam ya leo. Waliusikiliza kwa adabu, kisha wakauliza sebene itaanza lini. Sebene ni ile sehemu ya muziki wa Kongo ambapo waimbaji hunyamaza, magitaa yakatawala na wachezaji wakaingia uwanjani, na swali lao lilifichua desturi mbili tofauti za ala tupu. Katika taarabu ya Unguja, vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, vina bashraf, yaani kipande cha ala peke yake ambacho watu hukikalia kimya kabla ya nyimbo. Bashraf huja mwanzoni na huwatuliza watu, ilhali sebene huja baadaye na huwainua vitini. Hakuna kati ya hizo mbili inayodai kwamba gitaa linaimba beti, na vijana wa Kasongo, walipoletewa gitaa linalojaribu kuwa mwimbaji, walisubiri kwa haki kabisa wakati wao wa kucheza.

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare njia huelekea mashariki, na bonde la mto Luama hutawala mandhari kwa nyasi ndefu, misitu ya kando ya maji na vilima vinavyozidi kupanda kadiri mtu anavyolikaribia Ziwa Tanganyika lililo mbali mbele. Hii ilikuwa njia kuu ya misafara ya kutoka Ujiji. David Livingstone alikwama mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu mahali alipopaita Bambarre, ambapo huhusishwa na Kabambare ya leo. Wenyeji wakuu wa eneo hilo ni Wabangubangu, na Kiswahili chao hubeba lafudhi ya lugha yao ya kwanza, ambayo, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu za Maniema na kinyume na Kiswahili, ni lugha ya toni: silabi ya juu na silabi ya chini zinaweza kutenganisha maana za maneno yenye herufi zilezile.

Tofauti hiyo ya toni na mkazo inaweza kuonekana kuwa jambo la wanaisimu peke yao, lakini ndiyo iliyoleta maoni yenye manufaa kuliko yote ya safari. Katika sehemu kubwa ya msitu wa Kongo, ngoma za mgogo, yaani vipande vya mti vilivyochimbwa kupitia ufa mwembamba na vyenye kingo mbili, moja ya sauti ya juu na nyingine ya chini, zilitumiwa kupeleka habari kwa kuiga toni za maneno. John Carrington, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi miongoni mwa Walokele karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 tatizo la mfumo huo na dawa yake: kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji hataji mwezi au kuku kwa neno moja, bali huongeza maelezo marefu yanayozoeleka, hadi msikilizaji asiweze kukosea. Ngoma hurudia, hufafanua, haina haraka.

Mzee wa Kabambare aliyesikilizishwa rekodi kwenye baraza ya nyumba yake hakukitaja kitabu chochote, lakini alitoa hukumu ya namna hiyohiyo. Alisema kwamba gitaa lina sauti nzuri, ila linaongea kama mtu anayedhani kila mmoja alikuwapo jana. Alieleza kuwa utotoni mwake ngoma ya mgogo ilianza kwa kuita, ikamtaja anayeitwa, ikarudia, ndipo ikasema habari, na tena ikaisema mara ya pili kwa waliochelewa kutoka shambani. Mtu asiyeujua wimbo, kwa hoja yake, ni kama aliyekuwa shambani. Msafiri, ambaye alikuwa amepunguza marudio akiamini kwamba wimbo bila maneno utachosha, aliona kuwa jambo sahihi lilikuwa kinyume chake. Katika rekodi ya mwisho, iliyopigwa Kabambare juu ya ridhimu ileile ya Kasongo, mstari wa kwanza unapigwa mara mbili bila pambo lolote, kiitikio kinarudi katika kimo kilekile ili sikio likishike, na mapambo, ile mitetemo na zile sauti nyembamba za kengele zinazopatikana kwa kuugusa uzi bila kuukandamiza, yamewekwa tu baada ya msikilizaji kupewa nafasi ya kujifunza wimbo. Mwishoni pamewekwa sebene fupi, kwa kuwa vijana wa Kasongo nao walikuwa na hoja.

Mabadiliko ya Kabambare, hata hivyo, hayapimwi kwa ngoma bali kwa dhahabu na simu. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, imewavuta wachimbaji wadogo na kampuni kubwa, na pamoja nao muziki, ambao hauhami kwa santuri wala redio tu bali kwa kadi ya kumbukumbu inayotolewa simu hii na kuingizwa simu ile kwenye vibanda vya kuchajia. Rekodi ya msafiri iliombwa na kunakiliwa kabla hata haijakamilika. Katika simu moja iliandikwa jina la mwenye kibanda, katika nyingine iliitwa muziki wa chuma, na hakuna nakala yoyote iliyobeba jina la Remmy Ongala. Wimbo wenye maneno hujitetea, kwa sababu maneno yake humfikisha mtafutaji kwa mwimbaji. Ala tupu haina cha kumfikishia.

Kwa hiyo kanuni ya ngoma ya mgogo, kuita na kutaja kabla ya kusema, ina uzito wa kisheria pia. Kurekodi upya wimbo wa mtu mwingine, hata bila neno moja la mashairi yake, ni kutumia mali ya mtunzi, kwa kuwa mahadhi nayo yana haki. Tanzania ina COSOTA na Kongo ina SOCODA, taasisi za kusimamia haki hizo, na ruhusa huombwa kabla ya kutoa wimbo hadharani. Lakini kadi ya kumbukumbu haisomi mikataba. Kinachoweza kusafiri nayo hadi migodini na hadi ziwani ni sauti yenyewe, na ndiyo maana nakala ya mwisho huanza na sentensi moja ya kusemwa, kwa Kiswahili, inayoutaja wimbo, mtunzi wake na Kindu alikozaliwa. Mzee wa Kabambare alipoisikia nakala hiyo aliuliza kwa nini kijana wa ridhimu hakutajwa, na sentensi ikarefushwa.